Mkongwe Wetu wa Taarabu Tumemcheka Bure

Wadau, ile klipu ya harusi mmeiona. Mkongwe wetu wa taarabu hapa Kilindoni anaimba, mara mashine yake ya sikio inapiga filimbi, watu wote wanaangua kicheko. Jina simtaji, wa Mafia mnamjua. Mimi pia nilicheka, tena nikaisambaza. Nilikosea.

Juzi nikaenda kwake. Shikamoo, marahaba, kahawa. Akaniambia ameshakataa harusi mbili kwa aibu. Sikio la kulia halisikii kabisa, kabaki na la kushoto tu.

Kumbe ana mashine mbili! Moja ni zawadi, ilinunuliwa mtaani bila yeye kupimwa. Ya pili alipimiwa Dar, ila kaifungia kabatini, eti haina nguvu. Nikamwomba tuzijaribu zote kwenye sikio lilelile, mimi nimekaa palepale, naongea maneno yaleyale. Ile ya zawadi: bodaboda, vyombo, upepo na mimi, vyote vinaingia kwa fujo. Ile ya Dar: sauti ndogo, lakini hata nilipompa mgongo, maneno yangu aliyarudia yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe siku zote nilikuwa nasikia kelele."

Hoja yangu ndiyo hiyo. Sauti kubwa siyo kusikia vizuri. Mashine iliyopimwa inaongeza zaidi zile sauti ambazo sikio lako limepoteza, siyo kila kitu. Na ile filimbi siyo kituko: mashine isipokaa sawasawa sikioni, sauti inavuja na kurudi kwenye maiki yake, kama spika za harusini zinavyolia MC akizisogelea na maiki.

Najua mtasema Dar ni mbali. Kweli, boti mpaka Nyamisati, halafu gari, na hela juu. Ndiyo maana ukifika huko usione aibu: omba kujaribu zaidi ya moja kwenye sikio lako, hata nje penye kelele. Ukirudi nayo, ipe wiki kadhaa uizoee, usikimbilie kuifungia.

Tukiendelea kucheka, wazee wetu wataziacha kabatini, na sisi tutakosa nyimbo. Mimi klipu yangu nimeshaifuta. Wewe je? Tupia komenti hapo chini, ila matusi kwa mzee siachii.