Vitabu vya Hadithi Vichakae Mikononi mwa Watoto wa Wenje

Katika shule nyingi za msingi nchini Kenya, kitabu cha hadithi hakina bahati ya kitabu cha kiada. Cha kiada hutoka kila siku kwa sababu mtihani unakidai. Cha hadithi hupigwa muhuri, huingizwa kwenye rejista, kisha hufungiwa kabatini, na ufunguo hukaa kwa mwalimu mmoja. Huwezi kumlaumu mwalimu mkuu. Mkaguzi akija atamuuliza vitabu viko wapi, hatamuuliza vimesomwa na nani. Lakini kwa shule za Wenje, katika Kaunti ya Tana River, na za vijiji vilivyoandamana na Mto Tana kuteremka hadi Garsen, uangalifu huo una gharama kubwa kuliko bei ya vitabu vyenyewe. Ningependa tuhesabu kinyume: kitabu kilichochakaa kwa kupita mikononi mwa watoto kiwe faida, na kilichobaki kipya baada ya miaka mitatu kiwe hasara.

Kwa kutetea hadithi, sisemi kwamba kufundisha silabi hakuna maana. Kuanzia mwaka 2009, tathmini za Uwezo za kusoma na kuhesabu ziliamsha nchi zilipoonyesha kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili, na kaunti kame zikawa nyuma zaidi. Mwaka 2015 ukaja mpango wa Tusome, kwa ufadhili wa Marekani. Watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wakapata vitabu vya Kiswahili na Kiingereza, kila mmoja chake, na walimu wakapewa miongozo ya kufundishia herufi, sauti na silabi hatua kwa hatua. Idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ikashuka. Hayo ni mafanikio, na anayeyabeza hajui tulikotoka. Hata hivyo, kigezo kilichowekwa kwa mtoto anayesoma vizuri katika madarasa hayo ni maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Kasi hiyo ni kizingiti cha mlango tu. Tena mtoto hawezi kuifikia, sembuse kuidumisha, kwa kurudia ukurasa ule ule wa kitabu cha kiada ambao ameshaukariri tangu muhula uliopita. Anahitaji maandishi mengi, mapya, mepesi, yenye jambo analotaka kujua litaishaje.

Ushahidi wa hili upo, na bora zaidi ulitoka vijijini, mbali na miji yenye maktaba. Mwaka 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi kwa kila darasa la nne na la tano katika shule za mashambani za Fiji, ambako watoto walikuwa wakijifunza Kiingereza, lugha isiyosemwa nyumbani kwao. Kila siku, kwa dakika 20 hadi 30, watoto walisoma kimya au walisomewa na mwalimu kwa sauti. Baada ya miezi minane, maendeleo yao katika kusoma yalikuwa takriban mara mbili ya wenzao waliofuata kitabu cha kiada peke yake. Mwaka wa pili faida ikaenea hadi kwenye uandishi na sarufi, mambo ambayo hayakuwa yamefundishwa katika kipindi hicho.

Mfano huo unaihusu Wenje moja kwa moja, kwa sababu hapa pia mtoto hukutana na kitabu katika lugha ambayo si ya nyumbani. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili, kwa hiyo mtoto wa Kipokomo hufungua kitabu cha Kiswahili akiwa amekwisha kuyajua maneno mengi. Mtoto wa Kiorma anatoka mbali zaidi, maana lugha yake ni ya ukoo wa Kikushi, jamaa ya Kiborana. Huyu anaweza kutamka silabi zote za sentensi bila kosa na asiambulie maana. Dawa yake ni kusomewa kwa sauti kila siku, sikio litangulie jicho. Mwalimu akisoma huku akionyesha picha na kubadilisha sauti za wahusika, darasa lenye makabila mawili au matatu linapata msamiati mmoja wa pamoja bila ya orodha ya maneno ubaoni.

Wapo watakaosema kwamba watu wa mtoni ni watu wa masimulizi na nyimbo, na vitabu ni mambo ya mjini. Hoja hiyo inajipinga yenyewe. Eneo hili ndilo lililoipa Kenya mahadhi ya wimbo wake wa taifa, kutoka kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Chini ya mto huu huu, Kipini, ndiko wenyeji wanakoonyesha kaburi la Fumo Liyongo, shujaa ambaye visa vyake vilisimuliwa vizazi na vizazi kabla ya kuandikwa kwa utendi. Hata wahusika wa hadithi wako karibu: msituni, jirani na mashamba, wanaishi mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana, ambao hawapatikani pengine popote duniani. Mtoto aliyezoea ngano za bibi yake amekwisha kuandaliwa kuwa msomaji, kilichobaki ni kumwonyesha kwamba ngano inaweza kukaa kwenye karatasi. Wazee wakisimulia, wanafunzi wa gredi ya sita wakaandika na kuchora, darasa la chini litapata vitabu ambavyo hakuna mchapishaji wa Nairobi atakayeliletea.

Pingamizi zito zaidi ni maji. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yalihamisha familia nyingi katika Tana River, na mwaka 2024 ufunguzi wa muhula wa pili uliahirishwa nchi nzima. Mtu anaweza kuuliza kuna busara gani kumpa mtoto kitabu aende nacho nyumbani, na nyumba yenyewe huenda isiwepo mwezi ujao. Lakini kabati la shule halielei. Maji yakiingia ofisini huloa vitabu vyote kwa pamoja, ilhali vilivyotawanyika katika nyumba hamsini haviwezi kupotea vyote siku moja. Na familia za wafugaji zinazofuata malisho hazitarudi shuleni kila wiki kuazima. Jirani zetu wa Garissa walilijibu swali hilo tangu 1996, Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilipoanza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Sanduku la bati lisiloingiza maji, linalobebwa kwa bodaboda au mtumbwi, si jambo la ajabu kuliko ngamia.

Walimu nao watasema hawana nafasi, na wana haki, kwani wengine hufundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja. Ila kipindi cha kusoma kimya ndicho kipindi pekee kinachompunguzia mwalimu wa namna hiyo mzigo: darasa moja likisoma, analifundisha jingine. Kuhusu mtihani wa gredi ya sita, maswali yake yote, hata ya sayansi, huja kwa maandishi, kwa hiyo kusoma hadithi ni kujiandaa nao. Na kwa wanaosema teknolojia itatuokoa, kusubiri simu na intaneti zilete vitabu ni kungoja umeme ambao kwa nyumba nyingi bado ni ndoto.

Fedha zitoke wapi? Shule za msingi ni za serikali kuu, na kaunti imezoea kujitetea hivyo. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti chekechea, na iliikabidhi maktaba pia. Maktaba haikutafsiriwa kuwa lazima jengo la ghorofa mjini Hola. Inaweza kuwa masanduku ishirini yanayozunguka kati ya shule za Wenje, yakibadilishwa kila muhula, na kiasi fulani cha upotevu kikihesabiwa ndani ya bajeti tangu mwanzo ili mwalimu mkuu asilipe kutoka mfukoni mwake. Kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti kikiitishwa, wazazi wataje Jedwali hilo na wadai kiasi kiandikwe.