USISTAAFU KISHUSHE, STAAFU VOI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi ya chama chetu, nafasi kubwa kidogo, maana jambo lenyewe ni kubwa na wengi wetu tunalikimbia. Nataka kusema juu ya kustaafu. Juu ya fedha mmekwisha andika mara nyingi. Mimi nauliza juu ya MAHALI. Mfanya kazi akimaliza miaka yake na kurudisha funguo za nyumba ya kazini, aende akakae wapi?

Mimi ni mtu wa genge la njia. Nina miaka 36, kisomo changu ni cha shule ya msingi ya misheni, na kwetu ni Kishushe, nyuma ya milima ya Taita. Nayataja haya mapema ili asije mtu akasema kwamba huyu ni mgeni anayedharau kwa watu. Nasema wazi, na wazee wangu wa Kishushe waniwie radhi: mtu wa reli anayestaafu asirudi Kishushe kukaa. Akae Voi.

Nilipoyasema haya wakati wa chakula nilipigiwa kelele. Mzee mmoja akaniambia, "Mwacha asili ni mtumwa." Mwingine akacheka, "Kijana kama wewe una nini na uzee?" Nitawajibu wote wawili.

Nianze na huyu aliyecheka. Tangu mwaka 2009 umri wa kustaafu kwa watumishi wa serikali ni miaka 60. Tuchukue huo. Mimi nimebakiwa na miaka 24, yaani miezi 288. Nikiweka kando shilingi 2,000 kila mwezi nitakuwa na shilingi 576,000, hata bila faida yo yote. Mwenzangu wa miaka 57 akianza leo, ana miezi 36, atapata 72,000. Hesabu hii haikuhitaji chuo. Ndiyo sababu nasema uzee ni habari ya vijana. Mzee amekwisha chelewa, na anachoweza kufanya ni kutupa shauri.

Waajiri wengi nao hutusaidia kuchelewa. Mtu akiwa amebakiza miezi mitatu huitwa semina, akapewa soda na kitabu kidogo chenye picha ya mzee mwenye miwani ameketi bustanini. Bustani hiyo iko wapi, haielezwi. Nje ya mlango wanangoja madalali wa viwanja na karatasi zao za rangi: mji mtulivu, hewa safi, bei nafuu, dakika kumi tu kutoka barabara kuu. Dakika kumi kwa ndege, labda.

Sasa nimjibu mzee wangu wa asili. Mzee, asili ya mtu haipotei kwa kulala kilomita kadhaa mbali na kaburi la babu yake. Lakini tazama mtu wa reli anarudi nyumbani na mwili gani. Miaka 30 ya kuinua mataruma, mgongo umekwisha. Magoti yamekwisha. Wengi wetu tuna presha, wengine sukari. Dawa ya presha ni ya kila siku, na kliniki ni ya kila mwezi mpaka ufe. Kishushe kuna zahanati, na wahudumu wake wanajitahidi, siwalaumu. Lakini likija jambo la usiku, mtu apakiwe garini kwenye barabara ya vumbi, apandishwe milimani mpaka Wesu au azungushwe mpaka Voi. Nani ana gari usiku huo? Na atataka kiasi gani? Kila mtu wa kwetu anajua jina la mtu aliyefia njiani.

Halafu ndovu. Watu wa mbali hufikiri nasema mzaha. Wilaya yetu ya zamani, ambayo sasa ni kaunti, zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Katika hesabu ya mwaka 2021 ndovu wa Tsavo na pande zake walikaribia 15,000. Hawajui mpaka. Mstaafu analima mahindi na pojo kwa kiinua mgongo chake, analipa trekta, analipa vibarua, na usiku mmoja kundi linapita. Asubuhi hana kitu. Sheria ya wanyama ya mwaka 2013 imeandika fidia, hata shilingi milioni tano kwa mtu aliyeuawa, lakini uliza waliojaza fomu wamengoja miaka mingapi. Kijana anaweza kukesha shambani na tochi na debe. Mtu wa miaka 62 mwenye presha afanye zamu ya usiku tena, baada ya zamu zote alizofanya relini?

Na mvua. Mwaka 2021 na 2022 kila mtu aliona ng'ombe walivyokufa kwa ukame. Wako waliotuambia chuma kitatutajirisha, kwa kuwa chini ya ardhi ya Kishushe kuna mawe ya chuma. Miaka mingi sasa tumeona malori, mikutano, kesi na ugomvi baina ya watu wa ranchi na wachimbaji. Mstaafu hawezi kula kesi.

Lakini neno kubwa kuliko yote hatulisemi sisi wanaume. Tunaposema "narudi kijijini nikapumzike," ni nani anayepumzika? Mama watoto naye amezeeka. Kule mjini alifungua mfereji, hata kama ulitoa maji siku mbili kwa juma. Kijijini atabeba mtungi, atatafuta kuni, atakuuguza wewe, na wageni wa kuja kukutazama atawapikia. Mnasema kijijini maisha ni rahisi. Ni rahisi kwa kuwa kuna mtu anayefanya kazi bila mshahara. Chama cha wafanya kazi kingeona kitu kama hicho kazini kingegoma.

Tena kuna jambo la jamaa, nalo nitalisema kwa heshima. Mtu akirudi na kiinua mgongo, habari hufika kabla yake. Wa karo atakuja, wa mahari atakuja, wa bati, wa pikipiki. Wote ni ndugu, huwezi kuwafukuza, na mimi nisingewafukuza. Lakini akiwa Voi, anayekuja kuomba hulipa nauli kwanza. Nauli hiyo humfanya afikiri kama shida yake ni ya kweli.

Basi kwa nini Voi? Si kwa uzuri. Voi ni joto, vumbi lake jekundu huingia hata kwenye chai, na aliyezaliwa Wundanyi husema afadhali jehanamu. Lakini Voi kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ya Moi, na mtu wa kliniki ya kila mwezi anaweza kuifikia kwa bodaboda. Voi ni mji wetu, ulikua pamoja na reli. Njia ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na Voi ni kama maili mia kutoka baharini. Katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza wakatandika kutoka hapo hapo njia ya kuelekea Taveta ili kuwapiga Wajerumani. Na tangu mwaka 2017 treni mpya ya abiria husimama Voi, ingawa stesheni yenyewe iko nje ya mji. Mgonjwa akiandikiwa kwenda hospitali kuu ya Mombasa, ni kilomita 150 hivi, kwa treni au kwa basi. Soko lipo. Posta na benki zipo. Na kutoka Voi mtu anaweza kwenda Kishushe kwa mazishi, kwa mavuno, kwa mkutano wa ukoo, kisha akarudi. Shamba la baba usiliuze! Mpe mtoto wa ndugu alilime, mgawane.

Wundanyi? Hewa yake ni nzuri mno, lakini kila njia ni mlima, na mashamba ni vipande vidogo vya ukoo ambavyo mgeni haviingii kwa urahisi. Mwatate ni makao ya serikali ya kaunti na panakua, anayepapenda simkatazi, ila aulize maji kwanza. Taveta chakula ni rahisi, ndizi tele, soko kubwa, lakini ni mbali na jamaa wa upande wetu. Wenzangu wa Nyanza na wa Ukambani, siwavuti Voi kwa nguvu. Nanyi mna miji yenu njiani. Pale Makindu pana hekalu la Masingasinga, ambao mafundi wao walifanya kazi katika reli hii, na hata leo msafiri hulishwa bure. Pimeni kwenu kwa kipimo hiki hiki.

Wako pia wanaosema, "Mimi sitatoka mjini, nitabaki landhi mpaka wanitoe." Watakutoa. Muthurwa, Nairobi, mwaka 2010, matingatinga yalikuja kubomoa nyumba za landhi. Na ardhi ile ilikuwa mali ya nani? Ya mfuko wa pensheni wa watu wa reli wenyewe, uliotaka kuitumia ili kupata fedha za kuwalipa wastaafu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisema haki za wapangaji zilivunjwa. Ni ushindi, ndiyo, lakini uzee wa kungoja hukumu miaka mitatu si uzee wa kutamani. Kumbukeni na wazee wa ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Wenzetu wa Tanzania waliofanya kazi humo walikuwa bado wanadai malipo yao miaka zaidi ya 20 baadaye, wengine wakifa wakidai. Anayepanga kununua mahali kwa fedha atakazolipwa siku ya mwisho anajenga juu ya ahadi ya mtu mwingine.

Voi nayo ina mitego yake, sitaificha. Maji ya Mzima hupita nchi yetu kwenda Mombasa kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, na Voi hupata sehemu yake, lakini mitaa mingine hukaa siku nyingi mifereji ikiwa mikavu. Usinunue kiwanja kabla ya kuuliza majirani watatu, kila mmoja peke yake, maji hutoka siku gani. Na weka tangi kabla ya kuweka seti ya viti.

Mtego wa pili ni hati, nao ndio unaoua. Mwaka 2023 nyumba za watu wa Msambweni, hapo hapo Voi, zilibomolewa, na jamaa wengi wakalala nje pamoja na watoto wao. Walikuwa wamejenga, wamekaa miaka, wamezika na kuoza hapo. Karatasi ya ardhi ilikuwa na jina jingine. Katika kaunti hii, yenye mbuga, mashamba ya mkonge na ranchi kila upande, mwananchi wa kawaida amezoea kukaa juu ya ardhi isiyo na jina lake, hata amesahau kuogopa. Mfanya kazi mwenzangu, karatasi ya chifu si hati. Barua ya mzee wa mtaa si hati. Risiti ya dalali ni risiti tu. Nenda ofisi ya msajili wa ardhi, lipa ada, utafutiwe jina la mwenye kiwanja. Mwite mpimaji akuonyeshe mawe ya mpaka. Kama ni ardhi ya kilimo, pata kibali cha bodi ya ardhi. Na hati iandikwe majina mawili, lako na la mama watoto, usije ukafa leo na ndugu zako wakamtoa kesho.

Mtu mmoja hawezi haya yote kwa mshahara wa genge. Hapo ndipo ninapokilaumu chama chetu, nami ni mwanachama aliyelipa. Chama hupigania nyongeza ya mshahara kila mkataba, na ni vizuri, lakini hakijauliza nyongeza hiyo itakwenda kulala wapi. Tangu mwaka 2020 sheria inamruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi shilingi milioni saba, kununua nyumba ya kukaa. Wangapi kati yetu tumeelezwa hivyo na mtu wa chama? Niliuliza watu kumi na mmoja wa genge langu. Alikuwa amesikia mmoja, naye alisikia kwa shemeji yake.

Katika mkutano wa tawi nitatoa hoja yangu. Semina ya kustaafu itolewe miaka kumi kabla, si miezi mitatu, na mke au mume wa mfanya kazi aitwe pia. Chama chetu cha akiba na mikopo kinunue shamba moja karibu na Voi kwa hati moja safi, likapimwe, likagawiwe wanachama wanaolipa kidogo kidogo. Mwanasheria wa chama aangalie hati kabla ya senti moja kutoka. Na katika mkataba ujao iandikwe kwamba mtu hatolewi nyumba ya kazini kabla ya kulipwa kiinua mgongo chake chote.

Atakayeipinga hoja namkaribisha. Lakini aje na jina la mahali pake, aseme maji hutoka siku gani, hospitali iko umbali gani usiku, na hati imeandikwa jina la nani.

Ni mimi,
Mtu wa Genge, Voi