Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Mbulu na Hanang: Ofisi Ijayo Ijengwe kwa Mbao

Waheshimiwa Madiwani,

Naandika mapema kwa sababu michoro ikishapitishwa na zabuni kutangazwa, hoja yoyote mpya huonekana ukorofi. Rai yangu ni kwamba jengo lijalo la ofisi katika halmashauri zenu, liwe la ghorofa mbili au tatu, lijengwe kwa mbao za tabaka: mbao za miti ya kupandwa zinazopangwa kwa kupishana, zikagundishwa na kukandamizwa kiwandani hadi ziwe bamba la ukuta au la sakafu. Norway walikamilisha Mjøstårnet mwaka 2019, ghorofa 18 za mbao. Fumba, Zanzibar, ulitangazwa mwaka 2022 mnara wa mbao na zege wa mita 96; mpango si jengo, lakini wahandisi hawauoni kuwa wazimu.

Sababu yangu kubwa ni ardhi yenyewe. Tuko kwenye Bonde la Ufa, na tetemeko la mwaka 1964 liliitikisa Mbulu. Jengo likiwa zito, tetemeko hulisukuma kwa nguvu zaidi. Mita ya ujazo ya zege ina kilo 2,400 hivi, ya msindano kwa kawaida haifiki 600. Kuta nyepesi hudai msingi mdogo, na msingi mdogo hupunguza saruji inayosafirishwa hadi Katesh, Hanang, kutoka mbali.

Mtauliza: baada ya maporomoko ya Desemba 3, 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80 Hanang, nani athubutu kutaja kukata miti? Swali ni la haki. Mlima Hanang na msitu wa Nou visiguswe hata kwa boriti moja. Mbao zitoke mashamba ya miti kama Sao Hill, Mufindi, na baadaye kwa wakulima wetu, ambao leo wasipopata soko la mbao huuza mti ukiwa bado mchanga kwa kuni na milunda. Sharti liwepo: mteremko usivunwe wote kwa mpigo, maana mvua ya kwanza itaukuta mtupu.

Moto hauogopeshi kama inavyodhaniwa. Bamba nene huungua nje likajifunika ganda la mkaa, na moto hupenya kama milimita 40 tu kwa saa. Mhandisi huongeza unene huo tangu mwanzo. Kuhusu mchwa, tazameni nguzo za umeme za mikaratusi: zimepigwa dawa, zimefukiwa udongoni, na zinasimama. Ukuta wetu utakaa juu ya msingi wa zege.

Pingamizi zito ni gharama. Manyara hatuna kiwanda cha mabamba hayo, na jengo la kwanza huenda likawa ghali. Ndiyo maana siombi mbao tupu: msingi na ghorofa ya chini viwe vya zege, juu mbao. Lami inafika Katesh kutoka Iringa kupitia Dodoma na Babati, ila lori likipanda mlima wa Magara kwenda Mbulu, kona ndizo zitakazoamua urefu wa bamba, na mchoraji alijue hilo kabla hajashika kalamu. Basi mwagizeni mshauri achore majengo mawili, la zege na la mchanganyiko, apige hesabu ya usafiri, miezi ya ujenzi na matengenezo ya miaka 30, kisha azilete hesabu zote mbili kwenye kikao cha Baraza, wananchi wakiwepo.