Bili ya mashine ambazo kaunti hazikuagiza

WAHENGA walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema, hata hivyo, kwamba kila abishaye hodi akiwa na karatasi mkononi ni mdai wako. Deni la bidhaa huzaliwa na mambo mawili: kuagiza na kupokea. Yasipokuwapo hayo, karatasi hiyo ni ombi tu, hata ikipigwa mihuri kumi.

Chukua mfano wa mwenye duka la pembejeo mjini Njoro. Lori likimshushia katoni ishirini za dawa ya kunyunyizia ngano ambazo hakuziagiza, kisha mwezi ujao akaletewa bili, sheria iko upande wake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema wazi kuwa mtumiaji aliyepelekewa bidhaa asizoziomba hana wajibu wa kuzilipia, na kwamba mwuzaji haruhusiwi kumdai. Juu ya sheria hiyo kuna Kipengele cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika nazo, na haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi.

Basi ikiwa mtu mmoja mwenye duka analindwa kiasi hicho, ilikuwaje kaunti 47 zikatozwa mabilioni ya pesa, mwaka baada ya mwaka, kwa mashine ambazo nyingi ya kaunti hizo zilisema hazikuziagiza, na nyingine zikasema hazikuzipokea?

Swali hilo linahusu mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu uliotiwa saini na Wizara ya Afya mnamo Februari 2015. Serikali Kuu iliafikiana na kampuni za kigeni na za humu nchini zilete mashine za upasuaji, za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, za eksirei na za vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali 98. Kila kaunti ilitengewa hospitali mbili, na hospitali nne za kitaifa zikaongezwa. Gharama iliyotajwa mwanzoni ilikuwa Sh38 bilioni kwa miaka saba.

Nia yenyewe haikuwa mbaya, na ni haki kulisema hilo. Kabla ya hapo mgonjwa wa figo katika kaunti nyingi alilazimika kusafiri mamia ya kilomita kusafishwa damu. Mashine hizo zilipofika na kuwekwa mahali penye wahudumu, ziliokoa maisha. Serikali vilevile ilikuwa na hoja kwamba mnunuzi mmoja hupata bei nafuu kuliko wanunuzi 47, na kwamba kukodisha kunamwachia mwenye mashine mzigo wa kuikarabati.

Kasoro ilikuwa katika njia. Jedwali la Nne la Katiba limekabidhi kaunti huduma za afya katika hospitali zake, na kuiachia Serikali Kuu sera pamoja na hospitali kuu za rufaa za kitaifa. Maana yake ni kwamba mwenye kuagiza mashine ya hospitali ya kaunti ni kaunti. Katika mpango huu aliyeagiza alikuwa mwingine, na aliyelipa akawa mwingine. Magavana walipoombwa watie saini makubaliano walilalamika kuwa hawajaonyeshwa mikataba yenyewe iliyofungwa na kampuni hizo. Aliyekuwa gavana wa Bomet, jirani zetu hapa Bonde la Ufa, Isaac Ruto, ambaye wakati huo aliongoza Baraza la Magavana, alikataa kutia saini. Wengi wa wenzake hatimaye walisalimu amri.

Hata hivyo, kusaini au kutosaini hakukuwa na uzito mkubwa, kwa sababu pesa zenyewe hazikupitia mikononi mwa magavana. Katika sheria za kila mwaka za ugavi wa mapato, ziliandikwa kuwa ni mgao wa kaunti wenye masharti, lakini zilibaki Nairobi na kulipwa kutoka huko. Kwa vitabu zilikuwa za Nakuru. Kwa hakika Nakuru haikuzigusa. Mwanzoni kila kaunti ilihesabiwa takriban Sh95 milioni kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha wa 2018/19 kiasi hicho kilipanda ghafla hadi Sh200 milioni, yaani Sh9.4 bilioni kwa kaunti zote, kabla ya kushushwa tena mwaka uliofuata.

Mwenye bili ya kawaida hupata fursa ya kuisoma, kuguna, na kuirudisha. Anayekatwa pesa zake kabla hazijamfikia hana fursa hiyo. Analalamika baada ya mlipwaji kwisha kulipwa.

Itazame hesabu hiyo ukiwa Njoro. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili. Lamu ilikuwa na watu wasiozidi 145,000. Kaunti ndogo ya Njoro peke yake, yenye wakazi zaidi ya 230,000, inaishinda Lamu nzima. Lakini Nakuru na Lamu zilitengewa idadi moja ya hospitali na kukatwa kiasi kimoja cha pesa. Hakuna aliyekaa na madaktari wa Nakuru wala wa Lamu akauliza ni nini kinachokosekana. Kilichogawa mashine ni ramani. Kwa mkazi wa Mauche au Mau Narok ambaye shida yake ni dawa katika zahanati iliyo karibu, hizo Sh200 milioni zilikuwa fedha za afya yake zilizotumiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Seneti iliunda kamati maalumu chini ya Seneta wa Isiolo, Fatuma Dullo, kuchunguza mpango huo, na ripoti yake ya 2020 iliushutumu kwa lugha kali. Ilibainika kuwa kuna mashine zilizokuwa zikikaa bila kazi kwa kukosa umeme, maji, vyumba au wataalamu wa kuziendesha, ilhali malipo hayakusita. Mkataba mwingine wa Sh4.9 bilioni, wa kuziunganisha hospitali hizo 98 kwa mtandao wa kompyuta, ulifutwa.

Linganisha na yanayompata mkulima. Akipeleka mahindi katika bohari ya Bodi ya Nafaka na Mazao mjini Nakuru, gunia hupimwa uzito na punje hupimwa unyevu. Unyevu ukizidi asilimia 13.5, anarudishwa nyumbani na mzigo wake. Hapo Serikali hailipi kabla ya kuona, kushika na kupima. Mbona basi macho hayo makali yafumbe mbele ya sanduku la mashine ambalo halijafunguliwa?

Wakenya wanajua kufumba macho huko kunaishia wapi. Sakata ya Anglo Leasing, iliyofichuliwa Bungeni mwaka 2004, ilihusu mikataba 18 ya usalama na mawasiliano, miongoni mwao ule wa pasipoti na ule wa maabara ya uchunguzi wa jinai. Baadhi ya kampuni zilizotajwa ziligunduliwa kuwa majina matupu. Lakini maafisa walikuwa wameshatia saini hati za ahadi ya kulipa, na hati ya namna hiyo haiulizi kama mzigo umefika. Miaka kumi baadaye, Mei 2014, Serikali ya Rais Uhuru Kenyatta iliamuru kulipwa kwa Sh1.4 bilioni kwa kampuni mbili zilizokuwa zimeishinda katika kesi Geneva na London, ili nchi ipate kuuza hatifungani zake katika masoko ya nje. Hasira ya wananchi ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa imechelewa. Bili ya dhuluma hupingwa siku inapofika, kwa maandishi. Ukiisaini leo na kuilaani kesho, hakimu wa ng'ambo atasoma saini.

Mpango wa 2015 umemalizika, na Serikali imeanzisha mwingine ambapo kampuni hulipwa kulingana na huduma zilizotolewa. Hiyo ni hatua njema, kwani mashine iliyolala haitalipiwa. Lakini hatari imehama tu kutoka kwa mashine hewa kwenda kwa mgonjwa hewa. Atakayehesabu waliohudumiwa ndiye atakayeamua ukubwa wa bili.

Kwa hivyo wawakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti ya Nakuru wana kazi ya kufanya kabla lawama hazijaanza. Wadai nakala ya mkataba mzima, si muhtasari. Waweke sharti kwamba hakuna malipo pasipo stakabadhi iliyotiwa saini na msimamizi wa hospitali husika, anayeona mashine ikifanya kazi, wala si na afisa aliye Nairobi. Na orodha ya mashine, mahali zilipo na kiasi kilicholipwa ibandikwe hospitalini, ili mkazi wa Njoro aliyeambiwa kuwa mashine imeharibika aweze kuuliza inalipiwa nini.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka wa Njoro analijua hilo, na hasaini karatasi ya dereva wa lori kabla hajahesabu katoni. Kaunti yake nayo inapaswa kuhesabu kwanza.