Mezani kwa Mhariri: Shemeji Kahamia Sebuleni

Mwezi huu tuongee kuhusu choo. Usifunue ukurasa! Humu tumeshaongea mahari, wakwe, hadi simu zinazolala chini ya mto. Choo, ambacho kila mmoja wetu anakitembelea, tumekiruka.

Shoga yangu mmoja, tulisoma wote chuo, alinipigia usiku analia. "Mwenzangu, mume wangu anataka kuniacha. Kahamia sebuleni." Si mnaijua akili ya binadamu? Nikawaza palepale: kuna mwanamke. Kumbe wapi! Shemeji alikuwa anakimbilia chooni zaidi ya mara kumi kwa siku, na usiku anaamka mara nne. Mara mbili alichafua shuka. Akaona bora alale kwenye kochi kuliko mkewe aone tena. (Wamenikubalia niandike, mradi nisiwataje.)

Shemeji aliugua vidonda vya utumbo mpana kwa miaka. Dawa ziliposhindwa akaenda India, wakautoa utumbo mpana wote. Kisha wakaikunja sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, wakaishona iwe kifuko cha umbo la herufi J, na kukiunganisha na njia ya haja kubwa. Si jambo la jana hilo. Alan Parks na John Nicholls wa hospitali ya St Mark's, London, walilieleza mwaka 1978, na umbo la J likaletwa na Mjapani Joji Utsunomiya mwaka 1980. Kwa miezi kadhaa shemeji alivaa mfuko wa nje tumboni. Ulipoondolewa akajua basi, kapona, maisha yanarudi kama zamani. Labda aliambiwa kwamba bado, lakini siku ya kuruhusiwa nani anasikiliza?

Ukweli ni kwamba utumbo mpana ndio unaofyonza maji. Ukiondoka, choo kinakuja kama uji, na kifuko kipya bado hakijajua kuhifadhi. Kinajifunza taratibu, wakati mwingine mpaka mwaka mzima. Wengi hutulia kwenye haja nne hadi nane kwa saa 24. Mara moja kwa siku kama wewe na mimi? Hiyo asiitegemee.

Sasa shoga yangu, kwa mapenzi yake, alikuwa amesikia kwamba nyuzinyuzi ni nzuri kwa tumbo. Basi bwana, akampikia dona, maharage na mchicha asubuhi, mchana, jioni. Mtu akazidi kukimbia! Nyuzinyuzi ziko za aina mbili. Zile ngumu za pumba na maganda zinasukuma choo kitoke haraka. Zile laini zinavuta maji na kuwa kama ute mzito, na hizo ndizo alizozihitaji. Zinapatikana kwenye isabgoli, maganda ya mbegu za mmea unaolimwa sana Gujarat na Rajasthan. Ulizia kwenye maduka ya Wahindi, watakuletea.

Daktari alipomtajia, shemeji alikataa. "Hiyo si ya watu wenye choo kigumu?" Ni ya wote wawili. Mwenye choo kigumu inampa maji, mwenye choo cha maji inamfungia. Akakubali, ila kwa haraka za kiume akaanza na kijiko kikubwa kilichojaa. Tumbo likajaa gesi kama puto, pakiti ikaenda jalalani.

Mara ya pili walifuata maelekezo ya daktari. Kijiko kimoja cha chai, mara moja kwa siku, pamoja na chakula cha jioni. Unakoroga na kunywa palepale, maana ikiachwa inaganda, na ikimezwa nzito inaweza kukwama kooni. Unakaa hapo siku kadhaa ndipo uongeze. Dawa nyingine anameza saa mbili kabla au baada. Maji anakunywa kidogokidogo kutwa nzima, na siku ya jua kali anaongeza yale ya chumvi na sukari ya pakiti. Hicho ni kipimo chake, tafadhali usikiazime. Kuna ambao isabgoli haiwafai kabisa, hasa kama njia ya kifuko imekuwa nyembamba, na wengine daktari huwaongezea loperamaidi.

Kilichonifurahisha mimi ni daftari. Wanaandika wote wawili: kaliwa nini, kijiko saa ngapi, kaamka mara ngapi. Daftari ndilo lililogundua kwamba kula saa tatu usiku kunamwamsha saa nane, wakasogeza chakula kuwa saa moja. Korosho na mahindi ya kuchoma vimepigwa marufuku, wali na ndizi mbivu vinapita vizuri. Shoga yangu akatandika mpira chini ya shuka bila hotuba yoyote. Hapo ndipo mwanaume akarudi chumbani. Na yale mambo yetu? Anapita chooni kwanza, basi. Nimeambiwa nisiulize zaidi.

Siku hizi ni mara sita, usiku mara moja. Ila mwezi uliopita zilipanda ghafla, na homa juu. Shemeji akataka kuongeza kijiko, mkewe akamburuza hospitali. Kifuko kilikuwa kimevimba, akapewa antibayotiki. Homa, damu au maumivu havitibiwi na isabgoli. Na ukiona hakitoki kitu kabisa huku unatapika, nenda usiku huohuo.

Desemba wanakwenda Moshi kwa wazazi wake. Basi la alfajiri, yeye hali kitu mpaka wafike, na kapanga vituo vyote vyenye choo. Tatizo lililobaki ni mama mkwe, ambaye hajawahi kuambiwa alichofanyiwa mwanawe kule India. Akiuliza ule unga kwenye glasi ni wa nini, shoga yangu ajibu nini? Nimemwambia aendelee kula, amwachie mwenye kifuko.

Tuonane mwezi ujao.