Moshi wa samaki utoke jikoni

Mfanyabiashara anayenunua samaki Kashikishi, wilayani Nchelenge, hukagua ukavu na bei. Haulizi walikaushiwa wapi. Aulize.

Marufuku ya uvuvi ya kila mwaka Ziwa Mweru huisha mwishoni mwa Februari, na Machi mvua bado inanyesha. Chisense, dagaa wa huko, wanataka jua. Samaki wakubwa hukaushwa kwa moshi. Mvua ikishika, asiye na banda huingiza moto ndani, na mama hukaa humo na mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. (Hata mgeni anayelala na mbaula ya mkaa chumbani ajue: sumu yake haina harufu.)

Kufungua dirisha hakutoshi. Linatakiwa banda la nje lenye paa, na tanuri la Chorkor lililobuniwa Ghana, ambalo hula kuni chache. Mnunuzi anayetanguliza fedha za mzigo anaweza kutanguliza na za matofali, akakatwa kwenye samaki. Marufuku ijayo inaanza tarehe 1 Desemba. Kwa miezi mitatu nyavu zitakuwa zimeanikwa, na mikono ya kujenga ipo.