Kwa Nini Binti Amekawia Mashineni?

Tuseme wewe ni mama wa Kate. Umemtuma binti yako mashineni na debe la mahindi, asubuhi na mapema, baridi ya Ufipa haijaondoka. Kengele ya shule inalia, naye hajarudi. Akitokea unamgombeza: “Ulikuwa unacheza!” Ngoja kwanza, tupige hesabu.

Tuseme mashine huchukua kwa wastani dakika 5 kwa kila mteja, yaani wateja 12 kwa saa. Nao wanaokuja ni 10 kwa saa. Utasema nafasi ipo, hakuna wa kukawia. Sivyo! Watu hawaji kwa kengele. Mara hakuna mtu, mwenye mashine anasinzia. Mara wanafika wanne pamoja, na mmoja ana gunia zima. Zile dakika za kusinzia hazirudi tena. Basi kila mteja atakaa pale, kwa wastani, nusu saa. Akizidi mteja mmoja tu, wakawa 11 kwa saa, kukaa kwao kutakuwa saa nzima! Wakiwa 6, ni dakika 10 tu.

Hesabu za namna hii alizianzisha Mdenmaki mmoja, A. K. Erlang, wa kampuni ya simu ya Copenhagen, akaziandika mwaka 1909. Mwaka 1961 Mwamerika John Little alithibitisha kanuni nyepesi kabisa: hesabu watu waliopo kwa kawaida, gawanya kwa idadi ya wanaohudumiwa kila saa. Watu 5, wanatoka 10 kwa saa: nusu saa.

Basi tuma mahindi mchana, siku ambayo wengine hawaendi. Na mashine zikiwa mbili pamoja, foleni iwe moja, aliye mbele aende penye nafasi. Kwa foleni mbili, moja huisha na nyingine ikasongamana.

Zahanati je? Huko wako wanaonung’unika mtoto mwenye degedege akitangulizwa. Lakini kazi ya mganga haikuongezeka hata kidogo: mtoto yule angetibiwa tu. Kila aliyepitwa amepoteza dakika chache za mgonjwa mmoja, na mtoto huenda ameokoka.

Na binti yako? Kabla ya kumgombeza, mwulize alikuta watu wangapi.